Pwani Isiyo Tupu

Kutoka Jabe hadi ufukoni mwa Ziwa Tanganyika ni mwendo wa miguu. Mtoto wa mtaa huo, kama mwenzake wa Bwiza au Buyenzi, hulijua ziwa kabla hajajua kusoma. Hulijua kwa harufu ya ndagala walioanikwa, kwa mukeke anayechomwa jioni kando ya njia, na kwa taa za wavuvi ambazo, usiku usio na mbalamwezi, huonekana kama mji wa pili uliojengwa juu ya maji. Kuliona ziwa hilo kutoka angani ni jambo jingine. Abiria wa ndege inayoshuka katika uwanja wa Melchior Ndadaye huliona kwa dakika chache tu, tena kwa kupitia dirisha dogo, huku akili yake ikiwa kwenye mizigo na karatasi za forodha. Kabla hajapambanua mto ni upi na barabara ni ipi, magurudumu yamekwisha gusa ardhi.

Iko ndege ya namna nyingine, ambayo haina haja ya uwanja. Badala ya magurudumu huvaa maboya mawili mfano wa mitumbwi, au tumbo lake lenyewe huundwa kama mashua, nayo huondoka majini na kurudi majini. Huko Alaska, Kanada na visiwa vya Maldivi, watalii hulipa fedha nyingi ili wapandishwe ndege hizo na kutazama pwani za mbali zisizofikika kwa barabara. Wengi hushuka wakisimulia kwamba wameona nchi tupu, isiyo na mtu. Maneno hayo, "nchi tupu", yanafaa kuchunguzwa na watu wa sehemu hizi za Afrika, kwa kuwa ndege za majini zilikwisha pita juu ya pwani zao zaidi ya miaka 100 iliyopita, na zilipita kwa kazi ya vita.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi. Wengi hudhani kwamba ndege iwezayo kutua majini yaweza kutua juu ya maji yoyote. Sivyo. Mawimbi makubwa huvunja maboya. Maji yaliyotulia kabisa kama kioo nayo ni adui: rubani anayeshuka hawezi kupima kwa macho uso wa maji uko umbali gani chini yake, na anayetaka kupaa huona maboya yameng'ang'aniwa kana kwamba yamepakwa gundi. Kipendwacho ni viwimbi vidogo, na upepo wa wastani uvumao kutoka mbele. Joto nalo lina hila yake. Hewa ya moto ni nyepesi, haibebi bawa vizuri. Na mahali palipoinuka, kama Ziwa Tanganyika ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo ndege iliyopaa asubuhi huko Ulaya ikiwa na watu wawili na mabomu yaweza kukataa katakata kupaa saa sita za mchana katika Afrika ikiwa na mtu mmoja.

Hayo ndiyo yaliyowakuta Waingereza katika delta ya Rufiji.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, huko Unguja, kisha ikatoweka. Ilikuwa imeingia katika delta ya Rufiji, kusini ya Dar es Salaam, mahali ambapo mto hugawanyika katika mikono mingi na mikoko huifunika nchi hata macho ya mtu aliye baharini yasione kitu ila kijani. Mabaharia walifunga matawi ya miti juu ya milingoti. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza walitambua kwamba imo humo, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuingia katika maji yale machache, wala hapakuwa na mtu juu yake wa kuwaambia makombora yao yanaanguka wapi. Wakamwajiri rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege ya majini aina ya Curtiss. Kituo chake kilikuwa kisiwa kidogo cha Niororo. Katika kuruka kwake kwa kwanza alipotea njia. Rejeta ya injini ilipoharibika ilitafutwa nyingine hadi Mombasa, na iliyopatikana ilikuwa ya motokaa ya Ford. Ikafungwa hivyo hivyo, na ndege ikaruka. Mwezi Novemba Cutler aliiona Königsberg kwa macho yake. Mwezi Desemba injini ilimshinda juu ya delta, akashuka mtoni, akatekwa.

Ndege mbili za Sopwith zilizoletwa mwanzoni mwa 1915 hazikufaa kitu. Joto liliwashinda mafundi, na ndege hazikuweza kuinuka na mabomu yaliyokusudiwa. Ndege za aina ya Short zilizofuata zilipiga picha mwezi Aprili, nazo pia zilipaa kwa taabu. Mwishowe, Julai 1915, kazi ilimalizwa na ndege za kawaida zenye magurudumu, zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia na kuelekeza shabaha ya mizinga ya meli mbili za maji machache, Severn na Mersey. Walipigana tarehe 6, wakapigana tena tarehe 11, na Königsberg ikaangamia.

Katika simulizi nyingi za vita hiyo delta ya Rufiji huelezwa kuwa pori la mamba, mbu na matope. Kwa Warufiji ilikuwa shamba. Mpunga wao ulipandwa katika udongo ulioachwa na mafuriko, na boriti za mikoko zilizokatwa humo zilipakiwa majahazini zikaenda kuezeka nyumba za Unguja na za Arabuni. Mpanda mtumbwi wa delta alijua ni mkono upi wa mto hujaa maji wakati wa bamvua na upi hukauka. Waingereza walipotaka kujua meli yaweza kupita wapi, walimtuma mwindaji aitwaye P. J. Pretorius, naye hakuyapata majibu kwa darubini. Ilimbidi kuwapata watu wa delta wenyewe wamwongoze. Rubani aliona meli. Kina cha maji hakionekani kutoka angani.

Jambo moja linaunganisha mikoko ya Rufiji na ziwa la watu wa Jabe. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Wajerumani waliitoa yote katika mabaki ya meli, ikakokotwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam, ikatengenezwa, kisha ikagawanywa. Mmoja ulipanda garimoshi hadi Kigoma, ukafungwa juu ya meli mpya ya Graf von Götzen.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikavushwa bahari na kupandishwa reli, na kuungwa tena Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Tangu siku hiyo hapakuwa na chombo cha kuishinda katika ziwa zima, kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, hadi ncha ya kusini. Waingereza walileta motaboti mbili kwa njia ya Afrika ya Kusini na Katanga, wakaiteka meli ndogo ya Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann mwezi Februari 1916. Götzen, hata hivyo, hawakuigusa. Ndipo Wabelgiji, waliokuwa ng'ambo katika Kongo, walipoamua kuijia kutoka juu.

Waliazima kwa Waingereza ndege nne za majini aina ya Short 827, zenye mabawa ya mbao na kitambaa. Safari ya ndege hizo kufika ziwani yafaa kusimuliwa kituo kwa kituo, kwa maana hakuna iliyoruka hata hatua moja. Zilishushwa Matadi zikiwa ndani ya masanduku. Zikapanda reli hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Zikapanda merikebu juu ya mto Kongo hadi Stanleyville, yaani Kisangani. Huko maporomoko huzuia njia, zikapanda reli tena hadi Ponthierville, kisha mashua hadi Kindu, kisha reli hadi Kongolo, kisha mashua hadi Kabalo, kisha reli mpya iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1915 tu. Kila mahali reli ilipokoma na mto kuanza, au mto ulipokoma na reli kuanza, masanduku yalishushwa na kupandishwa kwa mabega. Askari aliyewahi kuhamishwa kituo pamoja na familia yake, akapakia na kupakua kabati moja mara tatu njiani, ataelewa vyema kuliko wengine maana ya safari ile.

Walipofika, ziwa likawakataa. Kituo cha kwanza kilichofikiriwa, huko Mtoa upande wa Kongo, kilikuwa wazi kwa mawimbi. Ilikuwa ni majira ya kuelekea kiangazi, na Mei ndio mwezi ambao upepo wa kusi huanza kukaza juu ya Tanganyika na kuinua mawimbi yanayowalaza wavuvi majumbani. Mvuvi yeyote wa ufuko ule angewaeleza jambo hilo kabla ya sanduku la kwanza kufunguliwa. Wakahamia katika ziwa dogo liitwalo Tongwe, lililokingwa na mawimbi ya ziwa kubwa, na hapo ndipo, Mei 1916, ndege ya kwanza ilipoondoka majini. Rubani alikuwa Aimé Behaeghe, kijana wa Kibelgiji, ambaye huhesabiwa kuwa wa kwanza kurusha ndege katika Afrika ya Kati.

Tarehe 10 Juni 1916 Behaeghe na mtazamaji wake, Collignon, walivuka ziwa wakaenda kuishambulia Kigoma. Ni zaidi ya kilomita 100 juu ya maji matupu, kwa chombo ambacho mwendo wake wote haukupita sana kilomita 100 kwa saa, na ambacho injini yake ingezimika pasingekuwa na wa kuwaokota. Walidondosha mabomu, wakarudi wakitoa taarifa kwamba wameipiga Götzen. Meli haikuzama. Tena kulikuwa na kejeli ambayo macho yao ya juu hayakuweza kuiona: ule mzinga wa Königsberg, ambao ndio uliowatia Wabelgiji hofu, ulikuwa umekwisha ondolewa na kupelekwa kwenye mapambano ya mbele, na mahali pake pamewekwa wa kuiga, wa mti. Mtu aliyeko bandarini Kigoma, mpakizi au muuza samaki, alikuwa na habari iliyo bora kuliko ya ndege nne.

Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe tarehe 26 Julai 1916 walipoikimbia Kigoma, lakini kwanza waliipaka injini zake mafuta mazito ili zisile kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Ndiyo ile ile iliyobeba vizazi vya wasafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, na ndiyo iliyowatoa wakimbizi wa Burundi katika kijiji cha Kagunga na kuwafikisha Kigoma mwezi Mei 2015. Behaeghe hakuyaona hayo. Alikufa kwa maradhi huko Niemba, Desemba 1916.

Jina lake limehifadhiwa, na ni haki. Lakini jeshi la Kibelgiji lililoingia Usumbura Juni 1916 na Tabora Septemba ya mwaka huo lilibebewa chakula, risasi na dawa na wapagazi zaidi ya laki mbili, na katika hao ni wachache mno ambao majina yao yaliandikwa popote. Mitaa ya Waswahili ya Bujumbura ilikaliwa tangu mwanzo na watu waliotoka Ujiji, Uvira na Umanyema, wachuuzi, wavuvi, wachukuzi na askari. Huenda katika nyumba ya Jabe likawamo jina la mpagazi mmoja ambalo halipatikani katika kitabu chochote. Mjukuu anayelijua na aliandike, na tarehe kama ipo, na mahali alikozikwa.

Ndege za majini zilirudi kwa amani baadaye. Kuanzia Juni 1937 shirika la Imperial Airways liliendesha ndege kubwa zenye tumbo la mashua kutoka Southampton hadi Durban. Zilifuata mto Nile, zikatua Port Bell karibu na Kampala, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndani yake kulikuwa na chumba cha kusimama, chenye reli ya kuegemea viwiko mbele ya madirisha, ili abiria watazame. Kati ya Dar es Salaam na Lindi waliopita njia ya pwani walikuwa na Rufiji chini yao. Abiria wale walilipia utazamaji uleule ambao Cutler aliulipia kwa kifungo.

Machi 1939 mojawapo ya ndege hizo, Corsair, ilipotea baada ya kuondoka Port Bell. Mafuta yakikaribia kwisha, rubani aliiteremsha katika mto mwembamba karibu na Faradje, kaskazini-mashariki ya Kongo, ikagonga jiwe, wala hakufa mtu. Ikatengenezwa, ikajaribu kupaa, ikaharibika tena. Hatimaye wenyeji waliajiriwa kufungua njia na kujenga bwawa la kuuzuia mto, ili maji yatoshe kuibeba ndege. Iliondoka Januari 1940, baada ya miezi kumi. Katika ramani ya rubani, mahali pale palikuwa doa lisilo na jina. Palikuwa na watu wa kutosha kuusimamisha mto.

Na ichukuliwe sasa kwamba familia moja ya Jabe imepata nafasi katika ndege ya namna hiyo: baba sajini, mama, watoto wawili, na bibi yao mzaliwa wa Ujiji ambaye amekubali kupanda kwa sharti la kutokaa dirishani. Ndege inaondoka mbele ya bandari ya Bujumbura asubuhi, kabla ya upepo, inageukia kaskazini kidogo. Ghafula mtoto anauliza, "Baba, mbona maji yana rangi mbili?" Chini yao ulimi wa maji ya kahawia umeingia katika maji ya buluu na kutanda kama chai iliyomwagika kitambaani. Baba anatafakari. Bibi, bila kutazama, anajibu, "Ni Rusizi huo, mjukuu wangu. Unaingia ziwani na udongo wake."

Jibu hilo la sekunde mbili liliwahangaisha wasomi wa Ulaya miaka mingi. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira wakitumaini kwamba Rusizi ni mto unaotoka ziwani kwenda kaskazini, na kwamba huenda ndio chanzo cha Nile. Wana wa mtawala wa Uvira waliwaambia kwamba mto unaingia, hautoki. Burton alivunjika moyo, mjadala haukuisha, na ilibidi Livingstone na Stanley wapige makasia kutoka Ujiji Novemba 1871 ili waone kwa macho yale yaliyokwisha semwa. Jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, lina tarehe ya mwezi huo, na watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Yafaa wanaposimama hapo waelezwe pia habari za wale wa Uvira. Mlango wa kutokea maji, mto Lukuga, uko ng'ambo ya pili, karibu na Kalemie, jirani na mahali ndege za 1916 zilipokaa.

Mdomoni mwa Rusizi familia hiyo itaona matete, viboko kama mawe yaliyolowa, na huenda mama akawaambia watoto habari za Gustave, mamba aliyetisha ufuko huu kwa miaka. Kisha wataona jambo lisilo la hadithi. Kandokando ya mto, kuelekea mpaka wa Kongo, iko Gatumba. Aprili 2020 Rusizi ulifurika, maelfu ya watu wakahama, na katika miaka iliyofuata hadi 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika nyumba, mashamba na barabara. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 imeweka mita 150 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la hifadhi. Mtu aliye juu huuona ukanda huo wote kwa mtazamo mmoja, pamoja na kuta zilizojengwa ndani yake. Wazee, kwa upande wao, wanakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilipanda vilevile, na wanajua lilifika wapi. Familia inayotaka kununua kiwanja kwa akiba ya miaka kumi ya mshahara ingefanya vyema kuwauliza wazee hao kabla ya kumuuliza dalali.

Ndege ikielekea kusini, milima inakaribia maji. Inapita Rumonge na michikichi yake, na Nyanza-Lac, kisha inavuka mpaka wa Tanzania. Kagunga ni kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na ufuko. Mbele yake ni Gombe, hifadhi ndogo ya sokwe ambako Jane Goodall alifika Julai 1960. Hapa ndipo macho ya angani yanapostahili kupewa haki yao. Bibi huyo, aliyefariki Oktoba 2025, aliishi na kufanya kazi katika msitu ule miaka 30 na akaujua mti kwa mti. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka juu yake kwa ndege ndogo, akashtuka. Msitu aliodhani unaendelea ulikuwa umebaki kama kisiwa, na vilima vilivyouzunguka vilikuwa uchi, udongo ukiteremka ziwani. Kutoka chini, ndani ya kivuli cha miti, hilo halikumwonekania.

Alichokifanya baadaye kina uzito kuliko kuruka kwenyewe. Mpango ulioanzishwa mwaka 1994 kwa jina la TACARE haukuanza kwa kuwahubiria wanakijiji habari za sokwe. Uliwauliza wanataka nini. Walitaja zahanati, shule, maji safi na mavuno bora, na kazi ikaanzia hapo. Picha ya angani ilionyesha kidonda. Aliyekuwa nacho ndiye aliyejua kinauma wapi.

Familia hiyo ya Jabe, kabla haijapanda, ina mambo machache ya kuzingatia, ambayo ni ya manufaa pia kwa yeyote apandaye ndege yoyote ipitayo juu ya maji. Chakula cha asubuhi kiwe kidogo. Ndege ndogo huyumba juu ya milima jua likipanda, na kipande cha tangawizi cha kutafuna humsaidia mtoto mwenye kichefuchefu. Kila mmoja aguse mlango ulio karibu naye na ahesabu viti kati yake na mlango huo, maana ndani ya maji hakuna kuona. La muhimu kupita yote ni jaketi la kuokolea maisha. Livaliwe, lifungwe, lakini lisijazwe hewa hata kidogo mpaka mtu awe ametoka nje. Novemba 1996 ndege ya abiria iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaanguka baharini mbele ya Ngazija. Kati ya watu 175, walikufa 125, na miongoni mwao walikuwamo waliojaza jaketi zao mapema: maji yalipoingia yaliwainua yakawabana darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Wakaaji wa kisiwa na wageni wa hoteli iliyokuwa ufukoni ndio waliokimbilia na mashua.

Askari na polisi wasomao ukurasa huu wana sababu nyingine ya kuyajua hayo, kwa kuwa ajali ya majini inapotokea wao huitwa. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria hatua chache kabla ya uwanja wa Bukoba. Walikufa 19, wakaokoka 24. Waliofika kwanza hawakuwa na boti ya injini, wala kamba ndefu, wala mafunzo. Walikuwa wavuvi, waliokuwa wakivua karibu na pale katika mvua, wakageuza mitumbwi yao na kupiga makasia kuelekea mkia wa ndege uliokuwa bado juu ya maji.